Jaribio Namba Kumi na Moja

Nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa na rafiki mtoro wa Ijumaa. Mwalimu wa zamu aliita majina bila kuinua macho kutoka kwenye daftari la mahudhurio, na mimi, niliyekaa dawati la nyuma, nilijibu mara mbili: kwanza kwa sauti yangu, halafu kwa sauti nzito kidogo. "Nipo!" Mwalimu anaweka alama, anaendelea. Darasa zima lilijua, na hakuna aliyeuita uongo. Tuliuona ni utu. Mtu hayupo, daftari linasema yupo, na siku inakwenda vizuri.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu zaidi ya miaka thelathini baadaye nilijibu "nipo" kwa niaba ya kitu kisichokuwepo, na aliyeadhibiwa hakuwa mimi.

Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha na Babati ikawa makao makuu, mji ulikuwa kama mtu aliyevaa nguo kabla fundi hajamaliza kuishona. Nyumba za kuishi ziligeuka ofisi, sebule za watu zikawekwa kaunta. Wageni walikuja kutoka Moshi, Singida na Dodoma, wakiulizia vyumba vya kupanga Bagara na Maisaka. Karibu kila ofisi ilikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, na aliyeruhusiwa kukifunua alijulikana.

Mimi nilikuwa fundi redio. Chumba changu cha kazi kilikuwa Maisaka, kati ya mashine ya kusaga na duka la vipuri vya baiskeli. Elimu yangu ni kidato cha nne. Lakini miaka michache kabla ya mkoa, mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha kwa kujitolea aliondoka akaniachia kompyuta yake, bodi moja ndogo ya umeme, na kitabu kinene cha C, lugha ya kuandikia mashine maagizo. Nilikisoma kwa msaada wa kamusi, ukurasa kwa siku, hadi jalada likaachana na kurasa. Nilijivuna, sifichi. Niliamini mji mzima hakuna mwingine.

Kisha akaja Mwalimu. Alikuwa amefundisha hisabati sekondari, mumewe akahamishiwa ofisi za mkoa, naye akaacha kazi akamfuata. Siku hiyo alileta redio iliyokuwa ikikoroma. Wakati nafungua mfuniko, aliokota karatasi ya programu yangu mezani akaisoma, akirudi nyuma na kwenda mbele kwa kidole.

"Fundi, hapa umegawanya kwa sifuri."

"Mama, hiyo ni lugha ya kompyuta."

"Na sifuri yake ni ya wapi?"

Nilitazama. Ilikuwa sifuri ile ile ya kila mahali. Wiki hiyo hiyo alianza kuja kazini, yeye akiniita Fundi na mimi nikimwita Mwalimu, na kwa mwaka mmoja na kitu tulifanya kazi ambayo hadi leo sijaona mfano wake katika maisha yangu.

Kazi yenyewe ililetwa na Sista mmoja, muuguzi mkuu wa zahanati ndogo ya masista upande wa milimani. Friji yao ya chanjo ilitumia gesi, kwa kuwa umeme haukufika. Kipimajoto chake kilikuwa kimevunjika, na hata kilipokuwa kizima kilitaka mtu wa kukisoma asubuhi na jioni. Sista alitaka kitu kitakacholia chenyewe. Chanjo hukaa kati ya nyuzi mbili na nyuzi nane. Joto likizidi nane zinaharibika. Likishuka sana zinaganda, na baadhi yake zikishaganda hazifai tena, hata ukiziyeyusha.

"Niwekee kitu chenye kengele, Fundi," alisema. "Mimi nina macho mawili tu, na yote yako kwa wagonjwa."

Tulikubaliana vifaa vitatu, kimoja cha friji yake na viwili vya zahanati nyingine za masista. Taa ya kijani ikiwa joto liko sawa, taa nyekundu na kengele likitoka nje ya mipaka.

Hapo ndipo tabu ilipoanza. Hatukupata bodi tatu zinazofanana. Moja ilikuwa ile ya mzungu, ya pili tuliagiza Arusha, ya tatu tuliitoa kwenye mashine mbovu ya kiwandani. Kila moja ilikuwa na kompaila yake, yaani programu ya kugeuza maandishi yetu kuwa maagizo ambayo bodi hiyo inayaelewa. C inasifiwa kwamba ukiiandika mara moja inakwenda kila mahali. Inakwenda, lakini kwa masharti. Lugha hiyo huja na maktaba, yaani vipande vya kazi vilivyokwisha kuandikwa: cha kupima urefu wa neno, cha kuandika faili, cha kusoma saa, cha kugeuza maandishi kuwa namba. Kwenye kompyuta maktaba ilikuwa kamili. Kwenye bodi ndogo watengenezaji walikuwa wameipunguza ili ienee. Bodi moja haikuwa na saa. Nyingine haikujua faili ni nini. Zote tatu hazikuwa na kipande kinachoitwa strtod, ambacho hupokea maandishi kama "4.5" na kurudisha namba nne na nusu.

Nasi tulikihitaji, kwa sababu vipimajoto vyetu vilituma joto kwa maandishi, herufi moja moja kwenye waya.

Mwalimu ndiye aliyetaka majaribio. Mimi nilizoea kuandika programu, kuiwasha, na ikiwaka kuiita nzima. Yeye alisema programu ni kama mwanafunzi, usiulize kama ameelewa, mpe mtihani. Akaandika mitihani kumi na mitano kwa lugha hiyo hiyo ya C. Kila mmoja ulichukua kipande kimoja cha kazi, ukakiuliza maswali yenye majibu yanayojulikana, kisha ukaandika mstari mmoja: namba ya jaribio, halafu SAWA au SI SAWA. Kwenye kompyuta ilipendeza. Mistari kumi na mitano ilijipanga kama wanafunzi wa gwaride.

Kazi yangu ilikuwa kuihamisha mitihani hiyo kwenye bodi. Nyingi niliihamisha kwa haki, na ninayasema haya ili ionekane kwamba njia nzuri niliijua. Bodi haina faili? Niliandika kipande changu cha kutoa majibu, ambacho kwenye kompyuta kinaandika kwenye faili na kwenye bodi kinatuma kwa waya. Haina saa? Nilitengeneza ya kuhesabia mapigo ya bodi yenyewe. Kila kilichokosekana nilikiandikia mbadala, nikauweka kwenye faili la peke yake, ili mtihani na kifaa vyote vitumie mbadala ule ule mmoja. Ndivyo inavyotakiwa. Ukipima kimoja na kukabidhi kingine, hujapima kitu.

Jaribio namba kumi na moja lilikuwa la kugeuza maandishi kuwa namba. Mwalimu aliweka maswali sita ndani yake, na mawili yalikuwa ya namba hasi.

"Hasi za nini?" nilimuuliza. "Hapa Babati barafu tunaiona kwenye soda."

"Mstari wa namba hauishii sifuri, Fundi."

"Basi wewe na mstari wako."

Mbadala wa strtod nilikuwa nimeuandika mapema, mistari minane, lakini niliuzika katikati ya programu ya kifaa. Ulisoma tarakimu, ulisoma nukta, na herufi yoyote usiyoijua uliiruka. Kuupima ilibidi niufukue, niuweke kwenye faili lake, nirekebishe sehemu tatu. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi Sista alikuwa anakuja kuchukua kifaa cha kwanza, na mkuu wake angekuwepo. Tena nilikuwa nimejaribu kwa mikono: kipimajoto kwenye maji ya moto, taa nyekundu, kwenye maji ya mtungini, nyekundu, kwenye maji niliyoyapoza kwa barafu ya dukani hadi nyuzi nne, kijani. Kwa nini nipime kitu nilichokiona kwa macho yangu?

Basi niliweka uzio. C ina njia ya kumwambia kompaila: kama kitu fulani kipo, chukua mistari hii, kama hakipo, chukua ile. Niliandika kwamba strtod ikiwepo, maswali sita yaulizwe. Isipokuwepo, yaachwe. Hadi hapo sikukosea. Kila afanyaye kazi hii hufika mahali ambapo mashine haina kitu na mtihani hauwezi kuulizwa. Kosa lilikuwa mstari wa mwisho. Pale ambapo maswali yaliachwa, nilitakiwa kuandika kwamba hayakuulizwa. Mimi niliandika SAWA.

Nipo.

Mwalimu aliendesha mitihani kwenye bodi Ijumaa asubuhi. Majibu yalishuka kwenye skrini, kumi na matano, yote SAWA. Alikunja uso.

"Kumi na moja imepitaje? Bodi hii haina strtod."

"Nimeiwekea uzio."

"Uzio unapima au unaruka?"

"Mwalimu, kimefanya kazi kwenye maji mbele yako. Weka sahihi tukanywe chai."

Alinitazama, akatazama karatasi. Alikuwa ameniamini mwaka mzima na sikuwahi kumdanganya. Akaweka sahihi chini, pale palipoandikwa "Mpimaji", kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

Kifaa kilikaa miezi minne bila neno. Sista alikuwa na kitabu cha friji, cha mistari, na kila asubuhi na jioni aliandika tarehe na neno "kijani". Halafu siku moja walibadilisha mtungi wa gesi, na aliyewasha moto wa friji aliuacha juu kupita kiasi; katika friji ya gesi, moto ukizidi baridi nayo huzidi. Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku ya kliniki, akina mama wameanza kufika tangu alfajiri na watoto migongoni, wengine kutoka mbali sana mlimani. Sista alifungua friji, akatoa kichupa, akakitikisa kwenye mwanga wa dirisha, akaona vipande vinaelea kama maziwa yaliyokatika. Alitoa cha pili. Nyuma ya friji vingine vilikuwa barafu tupu.

Taa ya kifaa changu ilikuwa kijani.

Sista alikuwa mwangalifu, kwa hiyo hakuna mtoto aliyechomwa chanjo ile. Lakini akina mama wote waliambiwa warudi nyumbani hadi zije nyingine, na zilichukua wiki tatu. Wengi walirudi. Baadhi hawakurudi, na habari za watoto wao mimi sizijui. Najua tu kwamba kila nikisikia habari ya surua upande ule, nauliza ni kijiji gani.

Tuliitwa zahanati, mimi na Mwalimu. Palikuwa na Sista na mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mkulima mtu mzima wa kule juu, mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata ndani. Shikamoo zikaisha, Sista akaeleza.

"Siku ile ya kubadilisha mtungi kililia," alisema. "Tulikuwa kwenye misa ya jioni. Nikatoka mbio, kabla sijafika mlangoni kikanyamaza. Nikakuta kijani. Nikasema, asante Mungu, friji imejirekebisha."

Nilipata jibu palepale, Sista hajamaliza sentensi. Joto lilishuka chini ya mbili, kengele ikalia. Likashuka hadi sifuri, ikaendelea kulia. Likapita chini ya sifuri, na kipimajoto kikaanza kutuma alama ya kutoa mbele ya namba. Mbadala wangu haukuijua alama hiyo. Uliiruka. Hasi mbili ikasomeka mbili, hasi tatu ikasomeka tatu, na tatu ni joto zuri kabisa la chanjo. Kadiri friji ilivyozidi kuganda, ndivyo kifaa changu kilivyozidi kuridhika.

Swali la tano na la sita la jaribio namba kumi na moja. Mstari wa namba hauishii sifuri.

Mwenyekiti alikuwa na ile karatasi ya majaribio mkononi, tuliyoikabidhi pamoja na kifaa. Aliigeuza nyuma na mbele.

"Sisi mashine hatuzijui," alisema, "tunajua ng'ombe. Ng'ombe akipotea tunauliza siku ile alichunga nani. Hiki nani alikipima?"

Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Vifaa viwili vilikuwa bado havijakabidhiwa, na mjini palikuwa na ofisi tatu zilizokuwa zimeanza kuniulizia kazi. Nilifikiri yote hayo kwa muda wa kumeza mate. Nikasema:

"Aliyepima ni Mwalimu. Sahihi yake hiyo hapo."

Halikuwa neno la uongo hata moja. Hilo ndilo linalonitesa. Niliyapanga maneno ya kweli tupu yakafanya kazi ya uongo, na niliyapanga haraka, kama mtu aliyezoea.

Mwalimu hakunitazama. Alinyoosha mkono akaomba karatasi, akaisoma, kidole chake kikasimama kwenye mstari wa kumi na moja. Nilijua amejua. Nilingoja aseme. Akairudisha.

"Sahihi ni yangu," alisema.

Sista alifungua kitabu cha friji akaandika mistari miwili, akakifunga polepole. Tulirudi mjini na gari la zahanati. Mimi nilikaa mbele na dereva, yeye alichagua kukaa nyuma na mitungi mitupu ya gesi. Maisaka aliteremka, akafuta vumbi kwenye sketi.

"Nilikuuliza, Fundi. Nilikuuliza unapima au unaruka."

"Mwalimu, tukiingia ndani tuzungumze."

"Siingii."

Na hakuingia.

Nilirekebisha kila kitu. Hili ni jambo la aibu, jinsi nilivyoharakisha kurekebisha mashine. Jioni ileile niliufukua mbadala, nikaufundisha alama ya kutoa, nikauweka kwenye faili lake, nikaufanya mtihani na kifaa vitumie kitu kimoja. Kwenye majaribio yote niliongeza jibu la tatu. Sasa kulikuwa na SAWA, SI SAWA, na HAIKUPIMWA. Na mwishoni nikaweka hesabu: mangapi yamepita, mangapi yameanguka, mangapi hayakuulizwa. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na niliifanya nikiwa nimefunga mlango ili nisione mtu. Nilipeleka kifaa kipya kwa Sista na kumwambia kosa limeondolewa. Hakuuliza lilikuwa la nani. Alidhani anajua.

Babati ule ulikuwa mji mdogo. Habari ya friji ilishuka mlimani pamoja na akina mama siku za mnada, na baada ya miezi michache ilikuwa na jina. Nililisikia mara ya kwanza kwa kinyozi, nikiwa na sabuni shavuni. Mwalimu alipita barabarani na kikapu.

"Mama Barafu huyo," kinyozi alisema. "Akiingia kwako huhitaji friji, nyama haiozi."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka. Kwa sauti yangu mwenyewe, si ile nzito ya kusingizia.

Alitafuta kazi ya kufundisha kwenye shule moja, wakamwambia watamwita. Aliomba kusaidia kumbukumbu za kliniki Bagara, karibu na kwake, na huko nako mtu akauliza kama si yule wa chanjo. Haya aliniambia mumewe, tulipokutana benki, akiwa hajui lolote. Alinishukuru kwa kumvumilia mkewe katika kosa lile, ndivyo alivyosema. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

Nilitoka benki bila kufanya kilichonipeleka. Nilikwenda chumbani kwangu Maisaka, nikawasha bodi ile ya kwanza, nikaipa programu ya zamani ambayo nilikuwa nimeihifadhi sijui kwa nini, nikachapisha majibu. Kumi na tano SAWA. Nikaipa programu mpya nikaiondolea mbadala makusudi, nikachapisha tena: kumi na nne SAWA, moja HAIKUPIMWA. Nikazichukua karatasi zote mbili nikaenda Bagara kwa miguu.

Alikuwa anapembua mbaazi uani. Hakunikaribisha kiti, nami sikukaa. Nilimpa karatasi. Alizilinganisha kama anavyosahihisha mitihani, moja juu ya nyingine, akateremka hadi kumi na moja.

"Kwa nini unaniletea mimi?"

"Nimekuja kukiri, Mwalimu."

"Mimi nilijua tangu siku ile. Unamkiria mtu anayejua?" Akarudisha ungo magotini. "Maneno yale uliyasemea wapi, Fundi?"

"Zahanati."

"Basi."

"Na jina lile la mjini, mimi…"

"Fundi. Nina mbaazi."

Nilichagua siku ya kliniki. Sitaki kujisifu kwa hilo. Niliichagua kwa sababu niliogopa kwamba siku nyingine ningemnong'oneza Sista peke yake na kurudi nyumbani nimetakata. Akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi ya nje. Mwenyekiti alikuwepo, na koti lake.

"Tumsifu Yesu Kristo," nilisema.

"Milele amina. Fundi, kimeharibika tena?"

"Kizima, Sista. Nimekuja kwa kile cha zamani."

Nikaeleza. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya C na mbadala na uzio, lakini nilipoona nyuso zao nikaeleza habari ya daftari la mahudhurio. Nilisema, mtihani ule haukuwepo siku ile, na mimi nikajibu nipo kwa niaba yake. Mwalimu aliniuliza kama upo. Nikamwambia aweke sahihi.

Mwenyekiti aligeuka akatazama mabenchi. Halafu alisema kwa sauti ya kutosha kufika mabenchi ya nyuma: "Rudia. Wengine hawajasikia, na hawa ndio waliorudishwa."

Nikarudia. Mama mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mtoto aliuliza bila kuinua kichwa, "Kwa hiyo yule mama tunayemcheka hana kosa?"

"Hana."

"Na wewe ulikuwa wapi tukimcheka?"

"Nilikuwa nacheka."

Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana. Sista aliingia ndani akatoka na kitabu cha zamani cha friji, akafungua ukurasa. Mstari wake ulikuwa pale: chanjo zimeganda, kifaa kilipimwa vibaya, mpimaji ni Mwalimu. Akanipa kalamu. Nafasi chini ya mstari ule ilikuwa nyembamba, ikabidi niandike kwa herufi ndogo: kifaa hakikupimwa, aliyesema kimepimwa ni mimi. Nikaweka sahihi. Sista akapuliza wino ukauka kabla ya kukifunga.

"Umekaa na mzigo huu muda mrefu, Fundi," alisema.

"Hapana, Sista. Aliyeubeba ni mwingine."

Baada ya wiki kama mbili Mwalimu alikuja Maisaka. Alisimama mlangoni, mashine ya kusaga ikinguruma jirani, akasema anataka kuiona kumi na moja ikipimwa, kwenye bodi zote tatu. Niliziunganisha moja baada ya nyingine. Kumi na moja ilipita kote, maswali sita kwa sita, hasi zake mbili zikiwemo. Kwenye bodi ile ya kiwandani jaribio namba saba, la saa, liliandika HAIKUPIMWA, kwa kuwa sehemu ile ya bodi ilikuwa imekufa. Mkono wangu ulisogea kutaka kueleza.

"Acha," alisema. "Hiyo ndiyo karatasi nzuri."

Niliichapisha. Nilisogeza kiti ili akae aweke sahihi, kama zamani. Hakukaa. Aligeuza karatasi ikanielekea mimi, akafuta neno "Mpimaji" kwa ncha ya kalamu, mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, "Fundi mwenyewe".

"Weka," alisema.

Niliweka. Aliisoma sahihi yangu kwa muda, akaikunja karatasi akaitia kwenye kikapu chake, akaondoka nayo. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kufundisha, na tukikutana njiani alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za nyumbani. Kazini kwangu hakurudi tena, na sikuwahi kumwomba.